Mjadala: Bashraf ikatwe kwenye taarabu kwa sababu haina maneno?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Juzi kwenye harusi ya ndugu yetu hapa Unguja, msimamizi wa shughuli aliwafuata wanamuziki kabla hawajaanza. "Hiyo ya kupiga bila kuimba iacheni, watu wanataka maneno." Wakaiacha. Kwangu mimi ilikuwa kama mtu kuingia nyumbani bila hodi.

Kwa asiyeijua, bashraf ni ala tupu za kufungulia taarabu ya asili. Asili yake Uturuki, ikatufikia kupitia Misri, na Ikhwani Safaa, klabu ya tangu 1905, ni miongoni mwa walioitunza. Kila khana, yaani sehemu ya bashraf, ikiisha wapigaji hurudi kwenye kipande kilekile, taslimu, mpaka sikio lako linaanza kukisubiri.

Nilipokuwa mdogo marehemu babu alinipeleka mazoezini. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, aliachiwa taksimu, yaani kupiga ya kubuni papo hapo, peke yake. Wa fidla wakalaza pinde mapajani. Alianza na nyuzi nzito, akisitasita kama mtu mwenye jambo asilojua aanzie wapi. Kisha akaishika sauti moja ya juu, akairudia, akairudia. Babu alivua kofia akaifunika machoni. Njiani nikamuuliza alikuwa akilia nini. Akasema amemkumbuka mama yake. Hakuna mshairi aliyemtaja mama yake pale.

Nyinyi mnaonaje?

JIBU: Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, kwa Kiarabu, mpaka Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Maneno ndiyo yaliyotufungulia mlango sisi watu wa kawaida. Halafu tazama kutunza: mama ananyanyuka na noti yake pale mstari unapomgusa. Nani umemwona akitunza bashraf? Ukumbi tunalipia kwa saa, na wageni wakati huo wako kwenye simu.

JIBU: Mimi niko upande wa mleta mada. Mwanangu halali mpaka nimwekee muziki wa udi mtupu, ile ala ya nyuzi. Ana miaka 2, maneno hayajui.

MLETA MADA: Ndugu yangu, la Siti ni kweli na silipingi hata kidogo. Lakini wazee wetu wangapi walikaa kwenye redio wakimsikiliza Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, na Kiarabu chao kiliishia kwenye sala? Walikuwa wakisikiliza nini, kama si sauti na fidla?

Kuhusu kutunza, nadhani hapo ndipo penyewe. Anayenyanyuka na noti mara nyingi ana mtu wake ukumbini anayempelekea ujumbe. Bashraf haina wa kupelekewa. Unabaki na nafsi yako, na si kila mtu anapenda kubaki nayo, ndiyo maana simu zinatoka. Mimi ningependa wageni wapewe nafasi hiyo hata mara moja kwa usiku mzima.

Ombi langu ni bashraf moja tu, dakika tano au sita, chakula kikiwa bado hakijaanza kupita. Pale chuo cha muziki cha Dhow Countries vijana wanafundishwa kanuni na udi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuzisawazisha tu ni kazi ya kukutoa jasho. Tukizifuta bashraf harusini, kijana huyo atampigia nani?