Spika niliyoiwekea Type-C inachaji kwa kebo ya zamani tu, kebo ya C kwa C haipeleki moto

FundiIgoma
Wakuu, habari za kazi. Wateja wengi wenye spika ndogo za bluetooth, redio na tochi za kuchaji wanataka soketi ya micro USB iliyolegea ing'olewe iwekwe Type-C, watumie chaja ileile ya simu. Soketi ninazotumia ni zile za pini 6. Nimeunga VBUS (laini ya moto) na GND (hasi) peke yake, basi. Kebo ya USB A kwenda C inachaji vizuri. Ukichomeka chaja mpya yenye tundu la Type-C kwa kebo ya C kwa C, kimya: taa haiwaki na mita inasoma 0 V kwenye soketi. Chaja tatu tofauti, jibu ni hilohilo.

Swali la pili: mteja mmoja ana chaja ya wati 65. Hiyo haitaunguza spika ya 5 V?

kapasita47
Chaja na kebo havina kosa, mkuu. Umeacha pini za CC hewani, zile ambazo chaja na kifaa hutambuana kupitia kwake.

Tundu la USB A lina 5 V muda wote, kuwe na kifaa au kusiwe. Tundu la Type-C la chaja liko tofauti: VBUS inakaa 0 V mpaka chaja ione kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachopokea moto. Inaona kwa kupima pini za CC. Kifaa kinatakiwa kiwe na rezista ya 5.1 kΩ kutoka CC1 kwenda GND, na nyingine ya 5.1 kΩ kutoka CC2 kwenda GND. Hazipo, chaja inahesabu kwamba hakuna kitu kilichochomekwa.

Kwenye soketi yako ya pini 6 mpangilio ni GND, VBUS, CC, CC, VBUS, GND. Yaani mbili za katikati ndizo ulizoziruka. Ukubwa wa rezista usikusumbue, hata chaja ya 3 A inapoteza chini ya miliwati moja pale, kwa hiyo zile bapa ndogo za saizi 0402 au 0603 zinatosha. Tafuta maandishi 512 au 5101. Ukitumia za miguu, rangi ni kijani, kahawia, nyekundu. Za pete tano ni kijani, kahawia, nyeusi, kahawia, kahawia. Kama duka halina 5.1, chukua 4.7 kΩ: iko ndani ya asilimia 10 ya thamani inayotakiwa, chaja itaikubali.

Ukinunua vibodi vyenye soketi tayari, vigeuze uangalie kabla ya kulipa. Vipo vinavyouzwa vikiwa na VBUS na GND tu, bila CC na bila rezista. Hivyo vitakurudisha hapahapa ulipo.

Mzee wa Risasi
Rahisi zaidi: zile CC mbili ziunganishe pamoja, weka rezista moja tu ya 5.1k kwenda GND. Nafasi ndani ya tochi ni finyu, na inachaji.

kapasita47
Inachaji kwa kebo nyepesi tu, mzee. Usimfundishe hivyo.

Ndani ya kebo ya C kwa C kuna waya mmoja tu wa CC, kwa hiyo kwa kebo ya kawaida hutaona tofauti. Lakini kebo za 5 A zina chipu ya utambulisho, na chipu hiyo inaweka takriban 1 kΩ kwenye pini ya CC iliyobaki. Ukiwa umezifunga pamoja, 5.1 kΩ inakaa sambamba na 1 kΩ, na chaja inaona kama 840 Ω kwenye waya wa CC na kama 1 kΩ kwenye pini ya pili. Kwa sheria ya Type-C hiyo ni alama ya adapta ya sauti, si ya kifaa kinachotaka moto. Haitoi kitu.

Kosa hilohilo lilikuwa kwenye Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019: rezista moja kwa CC mbili. Ilikataa chaja za laptop zenye kebo nzito huku ikikubali chaja za bei rahisi. Toleo la bodi lililofuata likatenganisha rezista. Kebo hizo zinazidi kusambaa kwa sababu ya laptop zinazochaji kwa Type-C, na mteja wako ataichukua iliyo karibu. Rezista mbili, kila moja na CC yake.

Bodi_Kavu
Naongeza upande wa vipimo.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima kila CC kwenda GND: isome karibu na 5.1 kΩ. Halafu pima CC1 kwenda CC2: ukipata karibu 10 kΩ uko sawa, ukipata 0 kuna daraja la risasi kati ya zile pini za katikati. Kisha chomeka chaja, pima volti ya kila CC. Moja itakuwa karibu na sifuri, ile yenye waya itakueleza chaja ina uwezo gani kwenye 5 V:

0.4 V – moto wa kawaida wa USB
0.9 V – 1.5 A
1.7 V – 3 A

Chaja ya PD (Power Delivery, yaani inayokubaliana volti na kifaa) inazungumza kwenye waya huohuo, hivyo mita inaweza kuyumba kidogo mwanzoni.

Kama inachaji plagi ikiwa upande mmoja na ukiigeuza inagoma, rezista moja haijashika. Hilo ndilo hutokea zaidi baada ya kupiga blowa ya hewa moto, kwa sababu rezista ndogo zinasogea. Lehemu soketi kwanza, masikio yake ya chuma yajae risasi vizuri kwa sababu ndiyo yanayobeba nguvu ya kuchomeka na kuchomoa, rezista zije mwisho kwa ncha ya pasi.

Kuhusu wati 65: hapana, haitaunguza. Huo ni uwezo, si kiasi kinachosukumwa. Chaja ya PD inaanza na 5 V, inatuma orodha ya volti ilizonazo, na isipojibiwa inabaki 5 V. Rezista zako hazijibu kitu. Ampea anaamua kifaa: chipu ya kuchaji ya TP4056 yenye rezista ya 1.2 kΩ inavuta 1 A, iwe chaja ni ya wati 10 au 100. Kwa hiyo pia mwambie mteja asitegemee spika ijae haraka kama simu.

Usije tu ukaweka kibodi cha kuiomba chaja ya PD 9 V mbele ya TP4056. Mwisho wa chipu hiyo ni 8 V.

FundiIgoma
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa hivyo vibodi vya kuomba volti, vinaweza kuwasha ruta ya 12 V kwa pawabenki ya PD umeme ukikatika?

Bodi_Kavu
Vinaweza, ila 12 V ndiyo yenye mtego. Volti za kawaida za PD siku hizi ni 5, 9, 15 na 20. Hiyo 12 mtengenezaji anaiweka akipenda. Soma maandishi madogo kwenye pawabenki, mstari wa kutoa moto: kama 12 V haimo, kibodi kitakupa 9 V au pungufu, na ruta itazima na kuwaka ovyo.

Kwa kibodi chenye chipu ya CH224K, rezista moja kutoka pini yake ya CFG1 kwenda GND ndiyo inayochagua volti: 6.8 kΩ ni 9 V, 24 kΩ ni 12 V, 56 kΩ ni 15 V, ukiiacha wazi ni 20 V. Pawabenki isiyo na 12, omba 15 V kisha shusha kwa moduli ya MP1584. Kaza skrubu yake mpaka mita isome 12.0 V *kabla* ya kuunga ruta. Pawabenki iwe ya wati 30 kwenda juu, chini ya wati 27 usitegemee kupata 15 V.

Na uipime ikiwa na simu pembeni. Pawabenki nyingi zenye matundu mawili, ukichomeka simu kwenye tundu la pili zinakata moto wote sekunde moja zigawane upya. Ruta inajizima na kuanza upya. Kapasita haitaziba pengo la sekunde nzima, hivyo tundu la pili liachwe.

Mzee wa Risasi
Na kama spika yenyewe inatoa moto pia, zile zenye pawabenki ndani?

kapasita47
Hapo rezista mbili hazitoshi. Tundu moja la kuingiza na kutoa linahitaji chipu inayobadili zamu kati ya kupokea na kutoa. Acha tundu lake la USB A litoe, Type-C iwe ya kuingiza tu. Ukiunga 5 V ya kutoa moja kwa moja kwenye VBUS ya Type-C, siku mteja akichomeka chaja, vyanzo viwili vitasukumana.