Mrejesho: kuwapeleka watoto ufukwe wa Ushongo, Pangani, na hema na mtumbwi

Wakuu habari, mnakumbuka niliuliza kama inafaa kupiga kasia na watoto, mmoja ana miaka minne mwingine saba, halafu tulale kwenye hema. Tumerudi na wote wazima alhamdulillah.

Yule kaka aliyesema nisiende bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), nisubiri maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), Mungu akubariki sana. Mwezi ukiwa nusu maji hayakimbii, hayatoki mbali wala hayarudi kwa kishindo kama mwezi mchanga au mpevu, kwahiyo tulikaa ndani ndani ya mwamba, mtu mzima anasimama maji kifuani, na tulitoka alfajiri kabla upepo haujaamka tukarudi mapema, maana mtoto akishapigwa jua na njaa hapo starehe imekwisha.

Kuhusu jaketi la kuokolea, hili nalisisitiza jamani, mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa hilo, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Maboya ya kupuliza siyo kinga hata kidogo!

Hema tulipiga juu kabisa, kupita ule mstari wa mwani mkavu unaoachwa na maji yakijaa. Viatu vya plastiki vaeni wote, uruni (wale viumbe wa baharini wenye miiba) wapo.

Sasa jaketi la mdogo niliazima, anayejua duka Tanga mjini wanapouza ya watoto chini ya kilo 20 anielekeze tafadhali, tunataka kwenda tena.