Nanomita: watoto wa miaka 10 hadi 12 wapime nini?

Swali
Walimu, naomba msaada. Watoto wamekariri kwamba nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, lakini ukiwauliza unene wa unywele ni nanomita ngapi, wanajibu "kumi". Zoezi la kukata ukanda wa karatasi nusu kwa nusu linakwama mara ya nane. Nataka wapime wenyewe, wasisimuliwe tu.

Jibu 1
Usiliache hilo zoezi, Mwalimu. Ukanda wa sentimita 28 ukikatwa mara 8 hubaki milimita 1 hivi, mkasi unashindwa. Waendelee kwa hesabu daftarini: mara ya 12 wamefika unene wa unywele, mara ya 28 ndiyo nanomita 1. Angalia wakate urefu tu. Kuna wanaogeuza mkasi na kukata upana, na hapo hesabu yote inaharibika.

Jibu 2
Unywele unapimika kwa leza nyekundu ya nanomita 650, isiyozidi miliwati 1. Ifunge mezani, chini ya usawa wa macho, asiishike mtoto, na kusiwe na kioo mbele yake. Toboa kadi, nyoosha unywele wima katikati ya tundu, ubane kwa selotepu. Ukuta uwe mita 2 kutoka kwenye unywele, chumba kiwe na giza.

Ukutani itatokea mistari ya mwanga na giza. Pima kutoka giza la kwanza kushoto hadi la kwanza kulia, gawa kwa 2. Zidisha 650 kwa umbali wa ukuta, kisha gawa kwa jibu hilo. Mfano: 650 × 2,000 mm ÷ 16 mm = nanomita 81,250.

Wengi hukosea kwa kupima mistari ya mwanga. Doa la kati likiwa kali mno na kufunika giza la kwanza, pima giza la tatu hadi la tatu, gawa kwa 6.

Jibu 3
Chini ya hapo mwanga wenyewe ni mnene mno: mawimbi yake ni nanomita 400 hadi 700, ilhali DNA ina upana wa 2 tu. Ndiyo maana kuna hadubini zinazopapasa kwa ncha ya sindano. Ficha vipande vya mbao ndani ya boksi, toboa kifuniko kila sentimita 1, watoto wachovye kijiti chenye alama za milimita na kuandika kina cha kila tundu. Kisha warudie kwa matundu ya kila sentimita 3. Vipande vidogo vitapotea kwenye ramani yao, na hapo watauliza wenyewe ncha inatakiwa iwe nyembamba kiasi gani.