Chupa ya mama: tiba asili ya mishipa ya fahamu iingie hospitali au ibaki uani?

Mwalimu wa Wete (mwenye mada):

Asalaam alaykum. Hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa mnichambulie.

Mama yangu alipata mkanda wa jeshi mwaka juzi, upande wa kulia, kutoka mgongoni mpaka chini ya ziwa. Malengelenge yakakauka wiki ya tatu, tukasema alhamdulillahi. Kumbe ndiyo kwanza. Hadi leo hawezi kuvaa sidiria. Kanga ikimgusa ubavuni anaruka kama kamwagiwa maji ya moto, lakini ukimbana kwa kiganja kizima, kwa nguvu, anasema afadhali. Usiku anaomba feni izimwe kwa sababu upepo wake unamuuma, na nyie mnalijua joto la Pemba mwezi wa pili. Ngozi yenyewe haina kitu. Ukimtazama utasema mzima.

Hospitali tuliyokwenda, jina lake naliacha, walimpa diklofenaki, kisha panado, kisha diklofenaki tena. Safari ya nne ndipo daktari mmoja kijana alipotwambia haya ni maumivu ya mishipa ya fahamu yenyewe, si ya nyama wala ya mfupa, akamwandikia amitriptilini. Jirani akaja akamwambia mama kwamba dawa hiyo wanapewa wenye maradhi ya akili. Akaona katukanwa. Tena ikamlaza mpaka akakosa sala ya alfajiri siku 2 mfululizo. Akaitupa.

Sasa anachuliwa na bibi mmoja hapa kijijini kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa tone la mafuta ya makonyo ya karafuu, na kila usiku anakunywa vijiko viwili vya maji meusi aliyoletewa na shemegi yake kutoka Unguja. Chupa haina hata lebo. Lakini analala, na kula anakula, uso umejaa, majirani wanamwambia kanawiri.

Swali langu: Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala tunalo, waganga wanasajiliwa. Bara wana sheria yao tangu 2002, na baadhi ya hospitali zao za rufaa za mikoa zimeshaanza kutoa dawa za asili. Sisi kinatuzuia nini kuweka chumba kimoja kila hospitali ya wilaya, mchuaji na mpiga chuku (anayeumika kwa vikombe) wakakaa humo? Mimi nasema waingie. Mgonjwa wa namna hii kwa mganga atakwenda tu. Bora aende mbele ya macho ya daktari.

Abuu Hijama:

Waalaykum salaam. Naunga mkono kwa mikono miwili. Mimi napiga chuku, nimerithi kwa babu aliyekuwa akitumia pembe ya ng'ombe. Siku hizi natumia vikombe, kila mtu na vyake, na wembe mpya. Madaktari wa China wapo Zanzibar tangu 1964, na tiba yao ya kuchoma sindano mwilini sijasikia mtu akiiita uganga. Ya mgeni sayansi, ya babu yangu ushirikina? Wagonjwa wangu wa mgongo, wale wa mguu kuvuta mpaka kisiginoni, wanakuja wameshikwa mikono na wanaondoka kwa miguu yao.

Nesi Mstaafu:

Abuu, mguu wa namna hiyo mara nyingi hupoa wenyewe ndani ya wiki kadhaa, hata ukikaa barazani ukasikiliza taarab. Aliyemshika mgonjwa wiki ya mwisho ndiye anayepewa shukrani. Nimeyaona hayo hospitali pia, msidhani nawasema nyie tu.

Mwanangu mwalimu, kwanza pole kwa mama. Na hospitali iliyompa diklofenaki mara mbili ilikosea, siitetei. Panado na diklofenaki kwa mishipa ya fahamu hazifui dafu. Na mkanda wa jeshi wenyewe una dawa ya virusi ambayo inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Watu wetu saa 72 hizo wanazimalizia kwa kupakwa majivu.

Lakini chumba hicho mimi sikitaki. Nikiwa kazini nilimpokea mzee wa kisukari. Miguu ilikuwa ikimuwaka moto usiku kucha, hawezi hata kuitia shuka. Mkandaji akamkanda kwa chumvi iliyokaangwa, imefungwa kwenye kitambaa. Mzee hakulalamika kwa sababu alikuwa hahisi moto wa nje, anahisi wa ndani tu. Hilo ndilo watu hawalifahamu: mshipa wa fahamu uliokufa nusu unauma na hausikii, yote mawili kwa pamoja. Asubuhi mwanawe alipomvua soksi, soksi ikatoka na ngozi. Vidole vitatu tulivipoteza. Yule mkandaji hakuwa mtu mbaya, alikuwa na huruma kuliko manesi wengi. Ukimweka chumbani na kibao mlangoni umemwambia mgonjwa kwamba Serikali imempitisha.

Mkulima wa Mtambwe:

Yakhe mie sijui siasa zenu, nijibu la makonyo. Hayo mafuta yanakamuliwa kwetu, Wawi, kwa mvuke, kutokana na vikonyo vya karafuu. Ndani yake kuna kitu kinaitwa eujenoli, ndicho kinachotia ganzi; madaktari wa meno dunia nzima wanakitumia. Kwa hiyo bibi anayemchua mama si mjinga. Ila ni makali mno. Yamwage kwenye kikombe cha plastiki laini uone kinavyolegea. Tone moja ndani ya nazi nyingi, basi. Na asinywe mtu, hasa mtoto, yanaunguza ini.

Wa Makunduchi:

Na kombe hamjalitaja? Huku kwetu maumivu ya kuwaka bila kidonda, la kwanza husemwa jini. Bibi yangu kanywa maandishi ya zafarani miezi 6. Hayakumdhuru wala hayakumsaidia, ila sukari ilipimwa miezi 6 baadaye. Hapo ndipo pana hasara yenyewe.

Mfamasia wa Darajani:

Nimesoma yote. Kila upande unaficha jambo, wangu ukiwemo.

Wangu ni huu: dawa zetu za hospitali kwa maumivu haya hazina nguvu tunayojifanya zinayo. Kuna uchambuzi mkubwa wa majaribio uliotoka 2015. Ukiwaondoa wale ambao wangepata nafuu hata kwa kidonge kitupu, amitriptilini na ndugu zake zinampa mgonjwa 1 katika takriban 4 nafuu ya nusu ya maumivu. Pregabalini, ambayo ni ghali zaidi, ni 1 katika 7 au 8. Waliobaki waende wapi? Tunawaambia "zoea." Ndiyo maana wanakwenda kwa Abuu.

Upande wa asili nao una haya. Kungumanga, ambayo kila mkandaji anayo, ilipimwa Trinidad, matokeo yakatoka 2013, kwa watu wenye kisukari na maumivu ya mishipa. Kundi moja likapewa mafuta ya kupaka yenye kungumanga, jengine mafuta hayo hayo bila kungumanga. Yote mawili yakapata nafuu sawasawa. Mnaweza kucheka, lakini mimi naisoma hivi: kupaka na kushughulikiwa kulisaidia, kungumanga haikuongeza kitu. Pilipili nayo imefika mpaka kwenye viraka vya hospitali huko Ulaya, dawa yake ikiwa asilimia 8, inabandikwa na mtaalamu aliyevaa glavu. Si kusaga pilipili kichaa ukampaka mama ubavuni, tafadhali.

Na wale mnaonunua vitamini B za mishipa kila siku bila kipimo: B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu.

Sasa mwalimu, lililonitoa usingizini. Umesema chupa haina lebo, na uso wa mama umejaa. Umejaa vipi? Mashavu yameviringana kama mwezi? Anakula kuliko zamani? Baadhi ya chupa za namna hiyo, zikipimwa maabara, hukutwa zimetiwa steroidi, kama deksamethasoni, au diklofenaki iliyosagwa. Steroidi inampa mtu hamu ya kula, inamjaza uso, inaweza kumtuliza maumivu, na inampandisha sukari. Kanywa muda gani?

Mwalimu wa Wete:

Miezi 5.

Mashavu ndiyo. Tulikuwa tunafurahi.

Mfamasia wa Darajani:

Asiikate ghafla leo usiku. Ikiwa ni steroidi na kainywa miezi 5, mwili umeshaacha kutengeneza ya kwake, akiacha mara moja anaweza kuzimia. Mpeleke kesho kwa daktari, chupa mkononi, umwambie hivi hivi. Apimwe sukari na presha. Na mabaki ya chupa yasimwagwe, kuna Wakala wa Chakula na Dawa na kuna Mkemia Mkuu.

Abuu Hijama:

Mwaona? Haya ndiyo niliyoyasema. Chupa kama hiyo ingepita chumba cha hospitali ingekamatwa siku ya kwanza. Imeweza kuingia nyumbani kwa sababu sisi tunafanya kazi uani.

Nesi Mstaafu:

Mimi naona chupa hiyo hiyo inanipa haki mimi. Nani ataikamata, Abuu? Hospitali ya wilaya haina mashine ya kujua kilichomo ndani ya maji meusi. Ingekaa kwenye rafu ya Serikali na muhuri juu.

Abuu Hijama:

Basi chumba kiwe cha mikono tu. Kuchua, kukanda, chuku. Cha kunywa kisiingie.

Nesi Mstaafu:

Na mguu wa kisukari usiguswe kwa moto wala wembe, na kila mgonjwa aanzie kwa daktari, sukari ipimwe kwanza. Hapo nitakusikiliza. Sijasema nimekubali.

Wa Makunduchi:

Na mshahara wa mchuaji utatoka wapi? Mfuko wa Huduma za Afya? Dawa za kawaida zenyewe tunaambiwa tukanunue nje.

Mwalimu wa Wete:

Narudi baada ya siku 4. Sukari ya mama ilikuwa 13, na kabla ya hapo hakuwahi kuwa na kisukari. Daktari amempa vidonge vya kumshusha pole pole kutoka kwenye chupa, na chupa yenyewe ameichukua. Majibu ya kilichomo bado.

Nikiri: nilifungua mada hii nikitaka kila kitu kiingie hospitali, chupa ikiwemo. Sasa nipo na Abuu kwenye mikono na nipo na Nesi kwenye chupa, na la mshahara sina jibu.

Amitriptilini kairudia, nusu kidonge. Nimemweleza kwamba kwa dozi ndogo inatumika kwa mishipa, si kwa akili. Daktari kasema aimeze mara baada ya magharibi badala ya saa 5 ya usiku, na alfajiri mbili hizi kaamka mwenyewe. Mdomo unamkauka, analalamika. Nilipomwambia labda na kuchuliwa apumzike kidogo, aliniangalia tu. Bibi kaja jana baada ya laasiri kama kawaida, na kibakuli chake cha nazi. Mama kampisha nafasi kitandani, kaniambia nitoke na nifunge mlango.