Naomba ushauri: maganda ya mayai yamekuwa mepesi ghafla

Habari zenu ndugu wafugaji. Nafuga kuku wa mayai hapa Tororo, Uganda, na wateja wangu wakubwa ni wakaanga rolex (chapati inayoviringishwa na mayai). Wanalalamika kwamba kila trei haikosi mayai yaliyopasuka, na ute umekuwa majimaji. Rangi ya kiini iko sawa, maana mboga za majani wanapata.

Kuku wamepita wiki 70. Najua umri huchangia, maana yai linakuwa kubwa na chokaa ileile inatandazwa juu ya eneo pana. Ila hili limeanza ghafla, pamoja na joto hili. Kuku wanahema mchana kutwa na chakula wanakigusa tu.

Chakula nachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, soya, mukene (dagaa) na makombe ya konokono wa ziwani yaliyosagwa. Kalsiamu, yaani hiyo chokaa, inatakiwa iwe karibu asilimia 4. Wasiwasi wangu ni kwamba unga laini wa makombe hayo unapita tumboni upesi, ilhali ganda hujengwa zaidi usiku.

Je, niwawekee vipande vikubwa vya makombe jioni, kwenye chombo cha pembeni? Na huo ute majimaji, yaweza kuwa bronkitisi, ule ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa ya kuku? Hawakohoi, na chanjo ya Newcastle (kideri) wamepata, ya bronkitisi bado. Aliyewahi kukutana na hali hii anisaidie tafadhali, wateja wananihama.