MJADALA: Lava ya Mangaia ni ganda la kale lililorudi, au tunalazimisha?

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari za leo. Shuleni tulichorewa koti la dunia, lile tabaka nene la mawe ya moto chini ya ganda, kama uji wa rangi moja. Mimi nakataa. Sakafu ya bahari, ambayo ni ganda, huzama mabamba (vipande vikubwa vya ganda la dunia) yanapokutana, na mwaka 1982 wanasayansi Hofmann na White walitoa hoja kwamba ganda hilo hurudi juu, baada ya muda mrefu sana, kupitia volkano za visiwani.

Kilichonikalisha chini ni Mangaia, kisiwa cha Visiwa vya Cook, bahari ya Pasifiki. Lava yake ina miaka kama milioni 20. Ndani mna punje za olivini (madini ya kijani), na ndani ya punje mna vitone vya salfidi (madini yenye salfa), vidogo mno. Watafiti walipima isotopi (atomi za aina moja zenye uzito tofauti) za salfa ya vitone hivyo, wakachapisha 2013: wamekuta alama inayoachwa na miale mikali ya jua ikivunja gesi ya salfa kwenye hewa isiyo na oksijeni. Hewa hiyo iliisha miaka kama bilioni 2.4 iliyopita! Salfa hiyo ilikuwa huku juu, ikapigwa jua, ikazama, ikarudi. Anayepinga aje na maelezo mengine.

Mchangiaji:
Mkuu, salfa naikubali. Ninachokataa ni kisiwa kimoja kufanywa mzani wa dunia nzima. Njoo volkano ya Oldoinyo Lengai hapa Tanzania. Lava imejaa kaboni na sodiamu, inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ungedhani kaboni ile ni chokaa ya bahari iliyozama. Gesi ikapimwa, majibu yakatoka 2009: kaboni inafanana na ya koti la juu la kawaida. Na heliamu-3 (aina nyepesi ya gesi ya heliamu) ya Hawaii na Iceland, iliyobaki tangu dunia inaumbwa, nayo ni ganda?

Mwanzisha mada:
Heliamu siyo ganda, hapo umenishika. Ila Hawaii hiyohiyo ina olivini zenye nikeli nyingi, na wapo watafiti wanaosoma humo ganda lililorudi. La asili na lililozama viko pamoja. Sisemi koti lote ni ganda, nasema halijakorogeka likaisha.

Mchangiaji:
Sawa, lakini miaka bilioni mbili na zaidi bila kuchanganyika, ganda hilo lilijificha wapi?

Mwanzisha mada:
Mawimbi ya matetemeko hupunguza mwendo kwenye maeneo mawili makubwa karibu na kiini, kilomita kama 2,900 chini. Moja liko chini ya Pasifiki. La pili liko chini ya Afrika yetu. Mimi nashuku huko.