Mume ana saratani ya utumbo mpana hatua ya 4: tiba gani za asili zinaweza kwenda pamoja na kemo?

MamaWaWawili:
Wadau, wakubwa shikamooni. Mume wangu ana miaka 58. Saratani iko utumbo mpana upande wa kushoto na imeshafika kwenye ini. Uvimbe wa utumbo haujatolewa. Choo kinapita, ila kwa shida. Yuko kwenye kemo: dripu ya oksaliplatini siku ya kwanza, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, anapumzika 7, inarudiwa. Ana sukari, anatumia metformini. Kichefuchefu kipo, uzito unashuka, vidole vinakufa ganzi.

Ndugu wameleta majani ya stafeli, habbasoda, vidonge vya manjano na dawa ya kusafisha tumbo. Kuna kliniki pia imetupa bei ya dripu za vitamini C. Kemo haachi. Ila sitaki kupuuza kitu kinachoweza kumpa nafuu. Kipi kiingie, kipi kikae nje, na kwa nini? Hospitali niulize nini?

Mfamasia_wa_Zamu:
Pole sana dada. Naanza na dawa ya kusafisha tumbo, maana hiyo inaweza kumuua haraka kuliko saratani yenyewe. Uvimbe bado umo na njia imebana. Sanamaki, shubiri na mafuta ya nyonyo vinalazimisha utumbo kusukuma kwa nguvu mahali pasipopitika; unaweza kuziba kabisa au kupasuka. Akianza kutapika, tumbo likajaa na kukaza, hatoi choo wala ushuzi, usimpe kitu chochote mdomoni. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Stafeli: majani na mbegu zake zina anonasini, sumu ya neva. Kisiwani Guadeloupe, watafiti waliwahi kuhusisha matumizi ya muda mrefu ya mimea ya jamii hiyo na ugonjwa unaofanana na Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili). Neva za mumeo tayari zinaumizwa na oksaliplatini, na hakuna utafiti kwa wagonjwa unaoonyesha kwamba majani hayo yanapunguza uvimbe. Yakae nje.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida. Vidonge vya dozi kubwa, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga ili vifyonzwe zaidi, vimewahi kuwaletea watu homa ya ini. Vipimo vya ini vikipanda, daktari hatajua kama ni saratani, kemo au vidonge, na dozi inayofuata itaahirishwa. Habbasoda inaweza kushusha sukari. Kwa mtu anayekula kidogo na yuko kwenye metformini, siishauri.

Kitu ambacho hukukiuliza: mna vidonge vya kuongeza damu nyumbani? Vingi vina asidi ya foliki, na hiyo inaongeza ukali wa kapesitabini: kuharisha, vidonda mdomoni, viganja kuungua. Asivimeze mpaka daktari wa saratani aseme. Madini ya chuma nayo hufanya choo kiwe cheusi, ukashindwa kujua kama anavuja damu ndani.

Nesi_wa_Kemo:
Naongezea yanayosaidia kweli, maana yapo.

Tangawizi: nusu gramu hadi gramu 1 ya unga kwa siku, yaani robo hadi nusu kijiko cha chai, ikiwezekana kuanzia siku 3 kabla ya dripu. Inapunguza kichefuchefu kama nyongeza ya ondansetroni, dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika. Usiiweke badala yake.

Vidonge vya kapesitabini anywe ndani ya nusu saa baada ya kula. Akienda chooni mara 4 au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, asimamishe vidonge na mpige simu wodini. ORS ianze mapema.

Ganzi: siku kadhaa baada ya oksaliplatini asiguse baridi; maji ya friji na barafu hapana, hata maji ya kunawa yawe vuguvugu. Ganzi isiyoondoka kati ya mzunguko na mzunguko, au akishindwa kufunga vifungo vya shati, semeni kabla ya dripu inayofuata. Dozi hupunguzwa. Wengi hunyamaza wakidhani watanyimwa dawa, halafu ganzi inakuwa ya kudumu.

Viganja na nyayo: krimu ya yurea asilimia 10. Ulizeni pia jeli ya diklofenaki asilimia 1, mara 2 kwa siku kwenye mikono. Utafiti wa India uliochapishwa 2024 ulionyesha inapunguza sana kuungua kwa viganja.

Nunueni kipimajoto. Joto likifika 38, msimpe panadoli mkasubiri asubuhi. Chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi yanaweza kumwangusha kwa saa chache.

MamaWaWawili:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Na dripu za vitamini C? Na chakula: shemeji anasema wanga wote uondolewe kwa sababu sukari inalisha saratani.

Mfamasia_wa_Zamu:
Dripu hizo zilijaribiwa kwa saratani hii hii. Utafiti wa China wa 2022 uliwagawa wagonjwa 442 wa saratani ya utumbo iliyosambaa: kemo pamoja na vitamini C ya dozi kubwa, au kemo bila hiyo. Kwa jumla haikuchelewesha ugonjwa, ingawa kwa wenye badiliko la jeni ya RAS ugonjwa ulichelewa kidogo kukua. Pili, mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), na watu wetu wa pwani wengi wanao, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Tatu, glukomita (vipima sukari vya nyumbani) nyingi zitasoma sukari iko juu wakati haiko. Hela hiyo iende kwenye vipimo na chakula.

Shufaa_Kwanza:
Mwambie shemeji, kwa heshima, kwamba anayepungua uzito akinyimwa chakula anazidi kuisha. Sukari idhibitiwe, asishindishwe njaa. Lengo ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Mayai 2 yanatoa kama 12, maziwa ya kuchemsha nusu lita kama 16. Uji wa ulezi uliochekechwa utiwe karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa. Kwa kuwa njia imebana, mahindi ya kuchoma, nyuzi za embe na nyama za machungwa aziache. Atembee dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku.

Hospitali uliza haya. Kinyama kilichopimwa mwanzo kimepimwa MSI, yaani hitilafu ya kurekebisha jeni ndani ya uvimbe? Kikiwa chanya, kama mgonjwa 1 kati ya 20 wa hatua hii, pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, hushinda kemo, ingawa bei yake ni kubwa. Jeni za RAS na BRAF je, zimepimwa? Na je, uvimbe wa ini unaweza kukatwa, sasa au ukishapungua? Hili msiliache, kuna wanaopona kwa njia hiyo.

Tena omba rufaa ya tiba shufaa sasa, wakati bado ana nguvu. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kipo kitengo. Wanashughulikia maumivu, usingizi, hofu, na wewe unayemuuguza. Akipewa mofini ya maji, itamfungia choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha ichaguliwe na daktari anayejua kwamba uvimbe bado umo. Usiinunue dukani.